Dakika Kumi na Moja za Bwana Mwisho

Ndugu zangu, mlio kwenye viti na mliosimama huko nyuma kwenye jua, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, muuguzi mstaafu. Wengi wenu mnanijua kwa sindano. Nimepewa dakika kumi za kusoma maisha ya kaka yangu. Nitazidisha kidogo, na mwenye haraka anivumilie, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza. Mlio na ratiba mkononi mtaona kwamba ninayosoma hayafanani na yaliyochapwa ukurasa wa tatu. Hamjakosea ukurasa. Tukifika hapo nitaeleza.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na karakana ya baiskeli. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la saruji, mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Mama alisimulia kwamba alizaliwa kimya, mkunga akampiga vikofi viwili, na hata hapo hakulia mpaka alipokwisha kuwaangalia watu wote waliokuwemo chumbani. Mama yetu alipenda kutia chumvi, lakini hilo namwamini.

Alianza shule ya msingi Januari 1965. Hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Hesabu zilimshinda, michezo ilimshinda, na mwandiko wake walimu waliusoma kwa kukisia. Mwaka 1967 walikuja watu wenye projekta, wakafunika madirisha ya ukumbi wa shule kwa mablanketi, wakawaonyesha watoto sinema mchana kweupe. Sinema ilipokwisha wote walikimbilia nje kucheza. Baba alipofika kumtafuta alimkuta amekaa peke yake sakafuni, anasoma maandishi yanayopanda ukutani. Akamuuliza, "Baba, hawa wote ni akina nani?" Baba akamwambia ni waliotengeneza sinema. "Sasa mbona watu wametoka hata hawajawajua?" Baba alikuwa ameacha lori linanguruma barabarani, kwa hiyo alimshika sikio wakaenda. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akasoma uandishi wa habari kuanzia 1979 hadi 1981.

Alipata mke kwa tabia hiyo hiyo. Mwaka 1984, katika ukumbi wa sinema wenye viti vya mbao, mwalimu mmoja wa hesabu aliinuka ili aondoke majina yalipoanza kupanda. Kaka yangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni na miguu yake imeziba njia. Mwalimu akasema, "Samahani kaka, nipishe." Akajibiwa, "Subiri kidogo dada, bado kuna watu." "Watu gani? Sinema imekwisha." "Hao," akasema, akanyoosha kidole kwenye majina. Mwalimu aliketi, si kwa kushawishika, bali kwa sababu miguu ilikuwa mirefu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Huyo ndiye wifi yangu, yule pale mwenye miwani. Wakajaliwa binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja. Wifi husema kuwa katika miaka yote ya ndoa yake hajawahi kufika nyumbani kutoka sinema akakuta chakula bado cha moto.

Aliajiriwa gazetini tarehe 4 Januari 1982 kama msahihishaji wa makosa ya chapa. Mwaka 1986 akapewa kazi iliyomfanya mjulikane naye: uhakiki wa filamu mpya. Safu yake iliitwa Kaa Mpaka Mwisho, na ilitoka kila Jumapili kwa miaka thelathini na tatu. Huko mtaani mkambatiza Bwana Mwisho. Hata muuza karanga wa mlangoni pa sinema alikuwa akifungasha vitu vyake na kumwachia pakiti moja, kwa sababu alijua kuna mteja mmoja ndani ambaye hajatoka.

Nawasimulia alivyofanya kazi, maana wapo wanaodhani kuhakiki filamu ni kula bisi na kupewa kiti cha mbele. Aliandika gizani bila kuangalia daftari. Mstari ulipanda juu ya mstari, na asubuhi yake wifi ndiye aliyekaa naye mezani kuutegua, huyu anasema ni "mauaji" na yule anasema ni "maua." Filamu za kutisha alikuwa akiziogopa kwelikweli, mzee mzima. Alikuwa akivua viatu kabla hazijaanza, ati ili asije akasikika anaruka. Drama zilimliza, naye akawa na mafua yasiyoisha, mafua ya Ijumaa tu, siku ya filamu mpya. Lakini zile filamu za makala, zinazoonyesha watu wa kweli na mambo ya kweli, alizihukumu kwa ukali kuliko zote. Alisema mtunzi wa drama akidanganya amemdanganya mtazamaji, lakini mwenye filamu ya makala akidanganya amemdhulumu mtu mwenye jina na anwani.

Sasa tumefika ukurasa wa tatu. Ratiba inasema, "Alilitumikia gazeti kwa uaminifu na bila doa kwa miaka thelathini na saba." Maneno hayo ameyaandika kaka yetu mkubwa, kwa upendo, nami namheshimu. Ila si kweli. Doa lipo. Juzi tulikaa sebuleni, mimi, yeye na wifi, na kaka mkubwa akasema, "Msiba si mahakama. Marehemu hasemwi vibaya." Nikamwambia, "Hasemwi, kaka. Amejisema mwenyewe." Nikamwekea mezani karatasi yenye mwandiko wa marehemu. Alisoma, akavua miwani, akasema haichapwi. Mwisho wifi akasema neno moja, "Soma," na hakuwa akiniambia nisome pale sebuleni, bali niwasomee ninyi hapa.

Ijumaa, tarehe 17 Septemba 2004, marehemu alikuwa na filamu tatu za kutazama kwa siku moja. Asubuhi ilikuwa ya kutisha, mchana ya makala, na saa kumi jioni drama iliyoonyeshwa ukumbi mwingine, upande wa pili wa mji. Mhariri alizitaka zote tatu kwa gazeti la Jumapili. Ile ya makala ilihusu kiwanda cha nguo kilichoungua mwaka 2002, watu thelathini na wanne wakafia ndani kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa nje. Wakubwa kati yenu mnaukumbuka moto ule. Filamu ilikuwa ya dakika themanini na moja. Dakika ya sabini kaka yangu alitazama saa yake, akaandika kwenye daftari, na daftari ninalo: "Mpaka sasa hakuna jina hata moja. Natoka." Akainuka, akafungua mlango, akaenda kuwahi drama.

Jumapili uhakiki ukatoka. Ile ya kutisha aliisifu sana, hasa sehemu ambapo mlango unakataa kufunguka. Drama aliiandikia mistari ya adabu. Filamu ya kiwanda aliiandikia kwamba imewahesabu wafu kama magunia, bila hata adabu ya kutaja jina moja. Na juu ya maneno hayo, kwa herufi kubwa kama kila wiki, palikuwa na kile kichwa: Kaa Mpaka Mwisho.

Zile dakika kumi na moja alizoziacha ndizo zilizokuwa za majina. Ndugu wa waliokufa, mmoja mmoja, walisimama mbele ya kamera wakataja mtu wao, wote thelathini na wanne, na kazi aliyokuwa akiifanya kiwandani.

Ukumbi uliiondoa filamu ile baada ya siku nne. Shule zilizokuwa zimeiagiza zikaghairi. Ndugu wa waliokufa walitegemea kwamba watu wakiiona, uchunguzi uliokuwa umefungwa utafunguliwa tena. Haukufunguliwa. Sisemi ni kaka yangu aliyeuzuia. Nasema kuna watu waliokuwa wanatafuta sababu ya kufumba macho, na yeye aliwapa, tena kwa Kiswahili kizuri.

Baada ya wiki tatu alipata barua. Aliyeituma alikuwa mama wa binti aliyekuwa akipiga pasi kola. Ni fupi, naisoma yote. "Mimi sikusoma. Gazeti lako nimesomewa, na barua hii nimeandikiwa. Umesema watoto wetu hawakutajwa. Mimi wangu nilimtaja kwa mdomo wangu mbele ya kamera, na shati lake nikalionyesha. Wewe ulikuwa wapi?" Basi. Marehemu aliipeleka kwa mhariri wa wakati ule, akaomba nafasi ya kusahihisha. Mhariri akamwambia, "Tukikiri wewe uliondoka kabla ya mwisho, nani atakuamini tena? Safu itakufa." Angeweza kubisha. Hakubisha. Aliirudisha barua mfukoni, Jumapili iliyofuata akaandika kuhusu filamu nyingine, na akaendelea hivyo mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2019, akapewa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uvumilivu. Barua ile hakuijibu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeuguza watu miaka thelathini na sita na nimeliona hilo kwa macho. Tarehe 2 Februari 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Mwezi wa tano mwaka huo alifanyiwa upasuaji, na sauti ikaondoka. Kuanzia hapo alisema kwa daftari. Mirija, dawa, mionzi, kukohoa usiku kucha, sitaki kuwapa picha yote, lakini msidhani alikwenda taratibu kama mnavyosikia kwenye vipindi vya redio. Alikwenda kwa taabu. Kuna siku alinikasirikia akaandika, "Muuguzi, una mkono wa fundi bomba." Nikamjibu kwamba fundi bomba angekuwa ameshaondoka.

Aprili mwaka huu aliniandikia, "Nitafutie ile filamu." Sikujua ni ipi. Ndipo akaniandikia yote niliyowasimulia, kurasa sita, akanipa na barua niisome. Nilikasirika. Sitawadanganya, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, nikafikiri juu ya yule mama aliyesomewa gazeti. Halafu nikarudi ndani, kwa sababu ilikuwa saa ya dawa.

Mtengenezaji wa filamu ile nilimpata kwenye chumba kimoja nyuma ya posta, anapiga picha za vitambulisho na kurekodi harusi. Hakutengeneza filamu nyingine baada ya ile. Nilijitambulisha. Akaendelea kukata picha kwa mkasi, nne nne.

"Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Anaitaka ya nini?"

"Anataka kuimalizia."

Mkasi ukasimama. "Zimembakia dakika kumi na moja," akasema. Nikamuuliza amejuaje. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni, dada. Nilimfungulia mwenyewe. Akaniambia, samahani, nawahi."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nilisema. Nilisema mpaka nikachoka. Nani angeamini? Bwana Mwisho atoke kabla ya mwisho? Walinicheka."

Nikamuuliza habari za mama wa mpiga pasi. Alikuwa amefariki mwaka 2018. Alinipa filamu ndani ya bahasha ya picha za vitambulisho, na akasema anaiomba irudi, kwa sababu hana nyingine.

Tuliitazama sebuleni, wifi, mimi na yeye, tarehe 20 Aprili, mchana, mapazia yamefungwa. Wifi alitaka kuanzia pale alipoachia. Marehemu alikataa kwa kichwa. Ianze mwanzo. Alivua viatu, jambo ambalo kwa filamu za makala hakuwahi kulifanya. Ilipofika dakika ya sabini nilimwangalia. Alikuwa ameshika mkono wa kiti kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Wakaanza kupita. Baba wa mkata vitambaa. Mume wa mfunga vifungo. Pacha wa fundi cherehani, wanafanana hata sauti, bila shaka. Na yule mama, mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, akakunjua shati mbele ya kamera akataja jina la mwanawe mara mbili, kana kwamba anamwita aje ndani. Kaka yangu hakuwa na sauti ya kulia nayo. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika. Safari ile hakuna aliyetaja mafua.

Alichukua wiki mbili kuandika mistari michache. Tuliituma gazetini tarehe 6 Mei. Mhariri wa sasa ni kijana mwenye adabu, alinipigia simu yeye mwenyewe. "Shangazi, mambo ya miaka ishirini iliyopita, leo nani anayakumbuka?" Nilimpelekea marehemu swali hilo. Aliandika neno moja, "Mama yake," halafu akakumbuka niliyomweleza, kwamba yule mama hayupo tena, akalifuta. Chini yake akaandika: "Basi utaisoma kwenye mazishi yangu. Kwenye mazishi hakuna anayetoka kabla ya mwisho."

Hii hapa.

"Masahihisho. Tarehe 19 Septemba 2004 niliandika kwamba filamu kuhusu moto wa kiwanda cha nguo haikutaja jina la hata mmoja wa waliokufa. Si kweli. Majina yote thelathini na manne yametajwa, na ndugu zao wenyewe. Sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nimeondoka. Mimi nilifunguliwa mlango nikatoka, na wale walifungiwa. Kosa langu nililijua baada ya wiki tatu. Nimenyamaza miaka kumi na tisa na miezi saba, na sikunyamaza kwa kusahau. Niliogopa kuchekwa. Mama aliyeniuliza nilikuwa wapi hakupata jibu mpaka amekufa. Jibu ni kwamba nilikuwa kwenye teksi, nakimbilia filamu ambayo leo sikumbuki hata ilihusu nini. Ile niliyoitoka ni filamu nzuri. Ndiyo bora kuliko zote nilizopata kuzihakiki. Mkiipata, itazameni yote."

Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nyumbani, kitandani kwake, akiwa na miaka sitini na sita. Wifi alikuwa upande wa ukutani na mimi upande wa mlango. Neno la mwisho kwenye daftari lake si la hekima. Ni "maji."

Ameacha mjane ambaye ni mwalimu wa hesabu mstaafu, binti ambaye ni fundi umeme, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na yule wa kati amerithi miguu, kaka yake mkubwa, na mimi. Ameacha pia daftari mia mbili na kumi na moja ambazo hakuna anayeweza kuzisoma isipokuwa wifi.

Nimemaliza sehemu yangu. Safu ile ya nyuma kabisa, wale mliokuwa mkiulizana ni wa upande gani wa ukoo, ni ndugu wa waliofia kiwandani. Tuliwaomba waje, na kumi na tisa wamekubali. Hatuwadai kilio. Mtengenezaji wa filamu ni yule mwenye shati la bluu. Sasa hivi atakuja hapa mbele na karatasi yake, asome majina thelathini na manne. Ni kama dakika tatu.

Kaka mkubwa aliniambia mapema kwamba likifika jambo hili atakwenda kusimama nje, na ni haki yake. Lango la makaburi liko wazi, hakuna aliyelifunga, na yeyote anayetaka kutoka atapishwa. Marehemu yeye hatoki. Safari hii amekaa. Tutamsubiri asikie mpaka jina la mwisho, na likishatajwa, ndipo sote kwa pamoja tutasema apumzike kwa amani.